Mgonjwa Aje na Jozi Yake

Nchi yetu ina jina, lakini sitalitaja, kwa kuwa kila anayeingia madarakani hulibadilisha na sina hakika wiki hii tunaitwaje. Inatosha kusema ni nchi ya amani. Tuna Wizara ya Utulivu, tuna Waziri wa Utulivu, tuna askari wa Utulivu elfu sitini, na mtu yeyote anayesema hakuna utulivu hutulizwa siku hiyohiyo.

Kaskazini mwa nchi unapita Mto Lubasi. Ukingo wa mashariki wanakaa Wakete, ukingo wa magharibi wanakaa Wandiru. Kwa miaka isiyo na hesabu walioana, wakaibiana ng'ombe na wakazikana. Kisha Serikali, kwa nia njema kabisa, ikaona Wandiru wanahitaji kujilinda, ikawapa bunduki. Wakete nao wasije wakajiona wametengwa, ikawapa bendera kubwa ya taifa na mwalimu wa kwaya. Kilichofuata kinaitwa, kwa lugha ya Wizara, Hali ya Kutoelewana. Namwomba msomaji asitumie neno vita, kwa sababu neno hilo lina kifungo cha miezi sita. Vita vyenyewe havina kifungo.

Mimi ni karani wa vikao wa Shirika la Mafuta na Divai, shirika la Kikristo linalohudumia jamii zilizo katika kutoelewana. Jina letu limetokana na vitu alivyotiwa katika majeraha yule msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Nimeandika mihtasari ya shirika hili kwa miaka kumi na minne. Mwandiko wangu ni mzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu wengine hawasemi.

Naeleza haya ili watu waache kutusingizia. Viongozi wetu ni watu wema, nimekula nao na nimesali nao. Mwenyekiti wetu, Baba Askofu Mstaafu Zebedayo Kilavo, hulia kila aonapo picha ya mtoto mgonjwa, na kwa sababu ya moyo wake huo alishauriwa asiwasogelee sana watoto wenyewe. Mkurugenzi wetu, Dakta Enatha Msoloka, ameandika kitabu cha kurasa mia nne juu ya upatanisho, ingawa yeye na dada yake hawajasalimiana tangu harusi ya mdogo wao. Hilo ni jambo la ndani ya familia na nisingelitaja kama asingekuwa ameniudhi baadaye.

Kituo chetu kilijengwa katikati ya mto, juu ya kisiwa cha mchanga, asije mtu akasema tunaegemea upande. Hema la upasuaji lina milango miwili, kila mmoja ukitazama ukingo wake. Niliipima mwenyewe kwa futi kamba, sentimita tisini na mbili huku, tisini na mbili kule. Taabu ilikuwa msalaba. Wandiru walilalamika kwamba mkono wa kushoto wa msalaba umeelekezwa kwao, na kushoto, kama ajuavyo kila aliyepita Shule ya Jumapili, ndiko watakakowekwa mbuzi siku ya mwisho. Bodi ilikaa siku mbili juu ya jambo hilo. Tangu hapo msalaba wetu hugeuzwa kila Jumatatu asubuhi, na yupo fundi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu.

*

Wiki ya kwanza tulifanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo tulipokosea.

Daktari wetu, Abisai, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na asiyejua adabu za vikao, alimpokea kila aliyeletwa. Jumamosi nilipojumlisha nilipata Wakete thelathini na mmoja na Wandiru wawili. Kati ya hao wawili, mmoja alikuwa amepigwa na kitako cha bunduki yake mwenyewe, na mwingine alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa akiimba wimbo wa ushindi.

Barua ya Waziri wa Utulivu ilifika Jumatatu. "Takwimu zenu zinawachafua Wandiru," aliandika. "Mtu akizisoma anaweza kudhani kuna upande unaopiga na upande unaopigwa. Rekebisheni, au fungasheni virago ndani ya siku saba."

Baba Askofu akaingia kwenye maombi ya kufunga. Alifunga tangu asubuhi hadi saa saba, chakula kilipokuwa tayari. Alipotoka uso wake uling'aa.

"Wapendwa," akasema, "nimeonyeshwa safina. Wanyama waliingiaje?"

"Wawili wawili, Baba," tukajibu.

"Wawili wawili! Nuhu hakuingiza simba thelathini na mmoja na swala wawili! Na nani alimwita Nuhu mkatili?"

Tukasema amina. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Huduma ya Jozi. Mkete hatahudumiwa mpaka apatikane Mndiru mwenye jeraha la kiungo kilekile na la daraja lilelile, na Mndiru vivyo hivyo. Kila mmoja ataingia kwa mlango wake, watakutana katikati ya hema, watashikana mikono kuonyesha kwamba wamesameheana, na hapo ndipo kisu kitakapowagusa.

Daktari Abisai akanyoosha mkono. "Na asiye na jozi?"

"Anasubiri jozi," alisema Mama Mkurugenzi.

"Mtu mwenye risasi tumboni hasubiri, mama. Anakufa."

"Daktari, huruma isiyo na mizani ni upendeleo. Soma ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili." Kisha akanigeukia. "Karani, andika hivi: hakuna atakayekataliwa."

Nikaandika, nikapiga na mstari chini yake. Siku hiyo niliona ni maneno mazuri sana.

*

Foleni ya Wakete ikawa ndefu. Foleni ya Wandiru ilikuwa na bango letu la kuwakaribisha na mbwa mmoja aliyependa kivuli cha bango hilo.

Tukamwandikia barua ya heshima kiongozi wa wapiganaji wa Kindiru, Kamanda Lugembe, tukimwomba atusaidie kupata majeruhi. Alijibu kwa mkono wake: "Watu wangu hawajeruhiwi ovyo. Waambieni Wakete wajitahidi." Hata hivyo, kwa ungwana, alituletea mtu mmoja aliyeumwa jino. Tulitafuta Mkete mwenye jino bovu katika foleni yote. Walikuwepo wengi, lakini wote walikuwa na risasi vilevile, na fomu hairuhusu mtu mmoja kuwa na madaraja mawili. Mndiru wa watu akarudi na jino lake.

Tukaandika barua ya pili, safari hii tukaisindikiza na kopo la biskuti. Baada ya siku tatu mtumbwi ulileta vijana watano wa Kindiru, kila mmoja amepigwa risasi ya mguu, na risasi zote zilipigwa kwa karibu kiasi kwamba suruali ziliungua. Walikuwa wamekataa kuchoma ghala la Wakete. "Kamanda anawasalimu," alisema aliyewaleta. "Anauliza kama hawa wanafaa. Mkihitaji wengine, mwambieni mapema."

Walifaa kabisa. Wakete watano wenye majeraha ya miguu waliingia siku hiyo, mikono ikashikana, picha zikapigwa. Bodi ilipitisha azimio la kumshukuru Kamanda Lugembe kwa ushirikiano wake. Daktari Abisai aliwashona wote kumi kisha hakutokea kwenye sala ya jioni. Nilimwandikia onyo, na onyo hilo lipo kwenye faili mpaka leo.

Sifa zetu zikavuka bahari. Mji mmoja wa mbali, wenye watu waliokwisha kupatana zamani na hawana la kufanya, ukatutunukia Nishani ya Mizani. Baba Askofu akapanda ndege kwenda kuichukua.

*

Kila asubuhi nilivuka kwenda ukingo wa mashariki na daftari langu kuandikisha majeruhi wapya. Jumatatu moja nilimkuta mwanamke chini ya turubai, amempakata binti wa miaka minane. Mama aliitwa Nyamizi, mtoto Kalunde. Risasi ilikuwa imempata Kalunde kwenye mguu, chini ya goti, siku iliyotangulia, ghala la kijiji chao liliposhambuliwa na nyumba zikachomwa.

"Daraja la Pili, mguu wa kushoto," nikasema huku naandika. "Namba kumi na tisa."

"Karani, daktari yupo?" akauliza Nyamizi.

"Yupo."

"Dawa anazo?"

"Anazo."

"Na kisu?"

"Anacho, mama."

"Sasa tunasubiri nini?"

"Jozi."

"Jozi? Kama viatu?"

Nikamweleza. Ninaeleza vizuri nikiwa na msikilizaji mzuri, na yeye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu anasubiri mtoto wa Kindiru aumie mguu."

"Hatusemi hivyo, mama."

"Mnasemaje?"

Nikaifungua fomu nitafute jinsi tunavyosema. Sikuona mahali palipoandikwa. Kalunde, ambaye nilidhani amelala, alifumbua macho akaniuliza kama huyo jozi wake atakuwa anajua kuruka kamba. Nikamwambia bila shaka anajua. Sijui kwa nini nilisema hivyo, maana si kawaida yangu kutoa taarifa nisizokuwa nazo.

Kesho yake Daktari Abisai alivuka kumtazama, jambo ambalo halikuwa limeidhinishwa. Alimchoma sindano ya kutuliza maumivu, akaunusa mguu, akamvuta Nyamizi pembeni. "Nikiufungua leo au kesho, nitauokoa," alimwambia. "Keshokutwa nitaukata. Baada ya hapo usiniulize."

Nyamizi akanijia. "Karani, kuna sheria inayonikataza kumtafuta mwenyewe huyo jozi?"

Nilipekua kanuni zote ishirini na sita. Hapakuwa na katazo. Nikamwandikia Kibali cha Kutafuta Jozi, cha kwanza katika historia ya shirika, nikakigonga muhuri. Alimwacha Kalunde na wanawake wa kwenye foleni, akapanda mtumbwi mchana kweupe, akashika kitambaa cheupe juu, akavuka kwenda kwa watu waliomchomea nyumba.

*

Yaliyotokea huko nimeyapata kwake na kwa yule mwanamume aliyemkuta, na maelezo yao yanalingana.

Alitembea nyumba hadi nyumba akiuliza kama mtu anayeazima chumvi: "Hodi, hapa kuna mgonjwa wa mguu?" Nyumba ya kwanza walimfungia mlango. Ya pili walimhurumia wakampa maji, lakini mgonjwa wao alikuwa wa mkono. Ya tatu walimfungulia mbwa. Ya nne ilikuwa ya mtu anayeitwa Shindika, aliyekuwa mpiganaji wa Kamanda Lugembe, na ndani alikuwepo binti yake Tunu, wa miaka saba, amelazwa juu ya mkeka. Tunu alikuwa amekanyaga bomu la ardhini ambalo wapiganaji wa kundi la baba yake walilitega njiani kuwazuia Wakete. Kamanda alikuwa amekataza asitolewe nje, kwa kuwa Mndiru aliyeumizwa na bomu la Wandiru hana safu yake kwenye takwimu.

"Mguu gani?" Nyamizi aliuliza.

"Wa kushoto," alisema Shindika. "Wako aliumia lini?"

"Jumapili. Kwenye ghala."

Shindika akasema, "Jumapili nilikuwepo."

"Ni wewe?"

"Sijui, dada. Tulikuwa wengi, tulikuwa tunapiga tu."

Nyamizi alimtazama. Aliniambia kwamba kulikuwa na mchi pale karibu na mkono wake na kwamba aliufikiria. Kisha akasema, "Mchukue mtoto, twende."

*

Jumatano saa nne watoto wote wawili walikuwa kisiwani, kila mmoja kwenye mlango wake. Mimi mwenyewe niliwapima. Mguu wa kushoto na mguu wa kushoto, Daraja la Pili na Daraja la Pili. Sijawahi kuona fomu mbili zinazofanana vile, na nakiri nilifurahi. Daktari Abisai alikuwa amekwisha kunawa mikono.

Mama Mkurugenzi akatoka ofisini. "Hii ni jozi yetu ya kwanza ya watoto," alisema. "Kanuni ya saba: jozi ya watoto itafunguliwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa sala. Baba Askofu anatua kesho na wageni waliotupa nishani."

"Kesho ni kuchelewa," alisema Daktari.

"Daktari, subira yavuta heri."

"Heri ya nani, mama?"

Mama Mkurugenzi hakupenda swali hilo. Aliwaita askari wawili wa Utulivu, akamweka mmoja kila mlango, wenye urefu sawa, akamkumbusha Daktari kwamba kibali chake cha kufanya kazi nchini kinasainiwa na Waziri. Daktari akatoka na sindano zake akakaa nje na watoto, mara huku, mara kule, mpaka jua likazama. Kwenye muhtasari niliandika kwamba maandalizi yanaendelea vizuri.

Alhamisi Baba Askofu alifika saa tano, nishani ikining'inia kifuani, na nyuma yake wageni kumi na wawili wenye kofia za jua. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Jikoni, mbuzi wawili wa wageni walikuwa wakichomwa, mmoja kutoka kila ukingo. Baba Askofu akaanza kuhubiri.

Alihubiri vizuri, sisemi uongo. Alilia mara mbili. Kwa usawa, kila sentensi ilitafsiriwa kwa Kikete na kwa Kindiru, na kwa kuwa mkalimani wa Kindiru alikuwa mzito wa ulimi na alichukua muda mrefu zaidi, ilibidi yule wa Kikete aongeze maneno yake mwenyewe mpaka dakika zilingane. Wageni waliandika jambo hilo kwenye vitabu vyao wakipongezana. Jua lilikuwa kali. Nilisimama kwenye mlango wa mashariki na daftari, hatua mbili kutoka kwa Nyamizi.

"Tazameni watoto hawa!" alisema Baba Askofu, akielekeza mkono bila kutazama. "Jana walikuwa maadui!"

Nilimwona Nyamizi akiinamisha sikio kwenye kinywa cha Kalunde. Akakaa hivyo. Mkalimani wa Kikete alikuwa anaongeza maneno kuhusu njiwa na tawi la mzeituni. Nyamizi akanyanyua kichwa, akanitazama mimi, na macho yake hayakuuliza kitu tena. Ilikuwa kama dakika ishirini kabla ya amina. Niliona aibu, nasema wazi. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikupiga kelele, kwa sababu katika miaka kumi na minne sijawahi kumkatiza Mwenyekiti.

*

Wageni walipomaliza kupiga makofi, nilimnong'oneza Mama Mkurugenzi. Alifumba macho, akasali kwa ufupi, na alipofumbua alikuwa anatazama mlango wa magharibi.

"Basi huyu Mndiru hana jozi," alisema. "Apewe namba."

Shindika alikuwa amemshika Tunu mikononi, na homa ya mtoto ilikuwa imepanda. Alipofahamishwa alipiga magoti juu ya mchanga. "Mama, nakuomba. Daktari huyu hapa, meza hii hapa. Mtoto ana miaka saba, hana ugomvi na mtu."

"Baba yangu, sisi tunawapenda nyote sawasawa," alisema Mama Mkurugenzi, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. "Ndiyo maana."

Nyamizi alikuwa amemfunika Kalunde kwa kanga na kumlaza kwenye kivuli cha meza ya sala. Akaja kwangu.

"Karani, fomu inasema jozi lazima awe mtoto?"

Nikaisoma tena. "Haisemi."

"Inasema awe nani?"

"Mkete. Mguu wa kushoto. Daraja la Pili."

"Haya," akasema.

Akaenda jikoni. Mpishi alidhani anataka kuni, hata akamsogelezea shoka kwa mguu. Nilisikia pigo moja, na sauti ambayo sitaieleza. Wageni waligeuka wakidhani ni mbuzi.

Daktari Abisai alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimfunga juu ya goti kwa mkanda wake mwenyewe, akataka kumbeba, lakini Nyamizi alikataa kubebwa mpaka avuke mlango. Aliingia kwa mlango wa mashariki, ameegemea bega la Daktari, mchanga nyuma yake umelowa. Askari wa Utulivu alimpisha bila kuamriwa. Shindika akaingia kwa mlango wa magharibi na binti yake. Katikati ya hema Nyamizi akaushika mkono wa Tunu.

"Nimemshika," alimwambia Mama Mkurugenzi. "Sasa fanyeni." Na Daktari alipomwelekea, akasema, "Aanze yeye."

Baba Askofu alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Mgeni mmoja alitapika. Wageni wengine, kwa kutojua desturi zetu, walianza kupiga makofi.

*

Bodi ilikutana alasiri hiyo. Nilikaa mahali pangu pa siku zote.

Swali la kwanza lilikuwa kama jeraha la kujikata linaweza kuhesabiwa jeraha la Kutoelewana. Mjadala ulichukua saa mbili. Mama Mkurugenzi aliona ni hatari kufungua mlango huo. Baba Askofu, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu, alisema, "Wapendwa, tumeishi kuyaona matunda. Mama amejitoa kwa ajili ya mtoto wa adui. Nani alimlazimisha? Hakuna!" Ikaazimiwa kwamba watu wataruhusiwa kujitolea kuwa jozi, kwa hiari yao, kwa fomu maalumu yenye sahihi ya mume au mke. Ili kulinda afya ya wanaojitolea, shirika litanunua mashoka mawili yenye uzito sawa, moja kwa kila ukingo, nayo yatachemshwa kabla ya kutumika.

Swali la pili lilikuwa maziko. Ilionekana kwamba Mkete mmoja akizikwa kisiwani, kisiwa kitakuwa kimeegemea upande. Kwa hiyo Kalunde alivushwa. Aliyempeleka ni Shindika, peke yake katika mtumbwi na maiti ya mtoto, hadi ukingo wa watu ambao wangeweza kumuua na hakuna ambaye angewalaumu. Nasikia walimzingira kimya, wakamtazama akichimba kaburi, na alipochoka mmoja wao akampokea jembe.

Kabla ya kufunga kikao niliuliza, "Kwenye fomu ya Nyamizi, safu ya chanzo cha jeraha, nijaze nini?"

"Andika Kutoelewana," alisema Mama Mkurugenzi.

Sikuandika hivyo. Kwa mwandiko wangu mzuri niliandika: Bodi. Fomu ilizunguka meza, ikasainiwa na wote saba, ikathibitishwa bila marekebisho. Hawakuisoma. Miaka kumi na minne nimeandika kwa uangalifu mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma, na jioni hiyo ndipo nilipojua.

Ijumaa asubuhi, mashoka yakiwa bado hayajafika, niliuona mtumbwi ukitoka magharibi. Shindika alikuwa amekaa mbele, mguu wake umefungwa kwa shati, na shati lilikuwa limelowa. Nyuma yake walikuwepo Wandiru wengine watatu, wanaume wawili na mwanamke wa makamo, kila mmoja amefunga kitambaa chake. Mbwa wa kwenye bango aliamka akawabwekea.

Nilimsaidia kushuka. Alisimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo ya mlango wa magharibi, meno yakigongana.

"Karani," akasema, "hili ni daraja la ngapi?"

Nikainama, nikafungua shati, nikalifunga tena.

"La Pili, kaka. Mguu wa kulia."

"Kwa mguu wa kulia, nani yuko mbele kwenye foleni yao?"

Nikafungua daftari. "Ni bibi mmoja," nikamwambia. "Mfinyanzi. Yuko pale tangu wiki mbili zilizopita."

"Kamwite," akasema Shindika. "Mwambie afanye haraka, mimi nimeshafika."